Mkurugenzi wa Michezo Apimwe kwa Timu Zisizoingiza Pesa

Chuo kikuu cha Marekani kinapotangaza mkurugenzi mpya wa michezo, wasifu unaosomwa karibu kila mara ni uleule: alikotoka alikusanya michango kiasi gani, alijenga uwanja gani, alimwajiri kocha gani wa futiboli, yaani ile ya Kimarekani inayochezwa kwa mikono. Waogeleaji, wapiga makasia na wakimbiaji wa mbio za nyika hawatajwi, au wanatajwa mwishoni kwa pupa. Mimi ningeanza nao. Ukitaka kujua kama mtu huyu ameiweza kazi, uliza timu zisizouza tiketi zilikuwa na hali gani siku alipokabidhi ofisi.

Sisemi pesa hazina maana. Don Canham alikuwa kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Michigan kabla ya kupewa ukurugenzi mwaka 1968, na alikuta uwanja mkubwa wenye viti vingi vitupu. Akautangaza uwanja huo kama mfanyabiashara anavyotangaza bidhaa, na mwishoni mwa mwaka huohuo akamwajiri Bo Schembechler kufundisha futiboli. Tangu Novemba 1975, mechi za nyumbani zenye watazamaji zimejaza watu zaidi ya 100,000 kila mara, mfululizo ambao haujakatika hadi leo isipokuwa mwaka wa korona ambapo milango ilifungwa. Ni kazi ya kuheshimika. Tatizo ni somo ambalo wengi walilichukua kwake: waliona uwanja uliojaa, wakasahau kwamba aliyeujaza alitoka kwenye riadha.

Zamani njia ya kufika kwenye kiti hicho ilikuwa moja. Kocha aliyeshinda sana alizeeka, chuo kikampa ofisi. Leo njia ni nyingi. Gene Smith alicheza futiboli Notre Dame, akawa kocha msaidizi hapohapo, akafanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM, kisha akaongoza michezo Eastern Michigan, Iowa State na Arizona State kabla ya kukaa Ohio State kuanzia 2005 hadi 2024. Wengine wanatokea kwenye sheria au kwenye ofisi za kuchangisha fedha. Sioni ubaya. Mkurugenzi wa leo anasimamia bajeti ya mamilioni mengi ya dola, anajadili haki za matangazo, anajibu kwa rais wa chuo na bodi, anawabembeleza wachangiaji, na kwa sheria ya Title IX ya mwaka 1972 lazima ahakikishe wanawake wanapata nafasi sawa. Ukocha peke yake haumtayarishi mtu kwa hayo yote.

Lakini wapo waliotokea ndani kabisa, na hao ndio wananivutia zaidi. Candice Storey Lee alifika Vanderbilt kama mchezaji wa mpira wa kikapu, akapata shahada zake tatu hapohapo, akapanda ngazi ofisini moja moja hadi akawa mkurugenzi mwaka 2020, mwanamke wa kwanza Mweusi kushika nafasi hiyo katika SEC, ligi kubwa ya vyuo vya kusini mwa Marekani. Na tukiwa Vanderbilt nikumbushe jambo ambalo mashabiki wa futiboli hawalipendi: taji la kwanza la taifa la timu katika historia ya chuo hicho lilikuja mwaka 2007, na lililetwa na wanawake wa bolingi. Mchezo ambao haungejaza hata kona moja ya uwanja.

Sisi tunaopenda riadha tunaujua vizuri mlango huu wa vyuo vya Marekani. Mkenya Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Ya mita 5,000 aliivunja kwenye mashindano ya wanafunzi kule Berkeley, California. Suleiman Nyambui, aliyeipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa El Paso, Texas, na alitwaa mataji ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, akiwa na jezi ya chuo hicho. Hakuna kati ya mbio hizo za vyuo iliyolipia gharama zake kwa tiketi. Zilikuwepo kwa sababu kuna mtu ofisini aliyeweka jina lake kwenye bajeti, akasema riadha inabaki.

Mwaka 2020 tuliona upande wa pili. Korona ilipofuta mapato, wakurugenzi wengi walinyoosha mkono kwenye kitu kilekile. Stanford ilitangaza kuondoa michezo 11 kati ya 36. Clemson ikatangaza kuifuta riadha ya wanaume. Brown nayo ikaikata riadha ya wanaume, ikairudisha baada ya siku chache watu walipoonyesha kuwa timu hiyo ni moja ya njia kuu za vijana Weusi kuingia chuoni hapo. William & Mary walikata michezo saba, na barua waliyowaandikia wanafunzi ikagunduliwa kuwa na sentensi zilizofanana mno na za tangazo la Stanford. Hilo bado linaniuma. Kijana ameamka saa kumi na moja alfajiri miaka mitatu kwa ajili ya chuo chako, na siku ya kumwambia timu yake imekufa unamkabidhi maneno ya chuo kingine.

Stanford, Clemson na William & Mary wote walirudi nyuma ndani ya mwaka mmoja. Wanamichezo wa zamani wa timu hizo walichanga, wanasheria walibisha hodi, hesabu zikapatikana. Kwa hiyo hesabu zilikuwa zinawezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mkurugenzi wa kuzitafuta kabla ya kutangaza.

Sasa shinikizo limezidi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibwaga NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya marupurupu ya wanafunzi wanamichezo, na mwezi uliofuata wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa majina na sura zao zinapotumiwa kibiashara. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambamo wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo: takriban dola bilioni 2.8 za fidia, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Nayaunga mkono kwa moyo wote. Vijana wa futiboli walizalisha utajiri huo kwa miaka mingi huku wengine wakiula. Ila vyuo vingi vimeamua sehemu kubwa iende kwenye futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume, na mkurugenzi anayetafuta pa kubana matumizi atawatazama wakimbiaji kwanza.

Asiwatazame wao kwanza. Atazame mikataba ya makocha. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha wake wa futiboli na kukubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Fedha hizo zingeendesha timu ya mbio za nyika kwa miongo mingi. Mikataba ya namna hiyo husainiwa na mkurugenzi mmoja kwa shangwe, na mara nyingi bili inapofika yeye ameshahamia chuo kingine kwa mshahara mkubwa zaidi. Kwenye kazi hii, kuhama ndiko kupanda cheo, na ndiyo maana makosa ya mikataba hayawaumizi walioyafanya.

Hapa bodi za vyuo zina dawa mkononi. Wakurugenzi hupewa bonasi timu ya futiboli ikishinda au ikifuzu mashindano makubwa. Basi mkataba uleule useme kwamba mchezo wowote ukifutwa chini yake, bonasi zote za mwaka huo zinakwenda kwenye timu iliyofutwa. Kanuni za NCAA zinavitaka vyuo vya ngazi ya juu ya futiboli viwe na michezo isiyopungua 16. Wapo wanaoisoma 16 kama shabaha ya kushukia. Kipengele hicho kingewafanya wahesabu mara mbili kabla ya kuita wanafunzi kwenye kikao cha video cha dakika tano kuwaambia timu yao imefutwa.