Anayetangulia Kwenye Nyayo Naye Apandishwe Ndege

Mgeni anayekuja kuwinda Tanzania kutoka Texas au Ujerumani kwa kawaida hupanda ndege akiwa tayari na bima ya kuokolewa porini. Wakala wake humsisitizia hilo mapema, sambamba na vibali vya bunduki. Akivunjika mguu kwenye pori la akiba la Rungwa au akipatwa na shambulio la moyo kwenye mabwawa ya pori la Moyowosi, simu moja ya setilaiti inatosha: namba yake ya uanachama wa huduma hiyo inasomwa, mahali alipo panatajwa, na rubani anaanza kujiandaa. Hilo ni jambo jema, sina ugomvi nalo hata kidogo. Ninachogombea ni kwamba katika kambi nilizozijua, watu wanaotembea mbele ya mgeni huyo hawakuwa na namba yoyote ya kusomwa.

Tuangalie nani anasimama wapi mnyama anapojeruhiwa. Mbogo akipigwa risasi vibaya hukimbilia kichakani, na sheria na heshima ya kazi zinataka afuatwe. Anayetangulia ni msoma nyayo. Macho yake yako chini, anatafuta tone la damu kwenye jani na ukwato uliochimba udongo, na mara nyingi mkononi hana kitu zaidi ya fimbo. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa, yaani mtaalamu anayemwongoza mgeni, na bunduki yake, kisha askari wa wanyamapori, ambaye kwa taratibu zetu lazima awepo kwenye uwindaji wa kitalii. Mgeni yuko nyuma, au ameambiwa abaki garini. Chui ni balaa zaidi, kwa sababu humngoja mtu karibu kabisa ndipo amrukie, na kucha zake zimejaa uchafu wa nyama iliyooza. Jeraha linaloonekana dogo jioni linaweza kuwa limevimba na kutoa usaha baada ya siku mbili.

Tena hao ni wanyama wa kusimuliwa tu. Mpishi anakanyaga kifutu akienda kuteka maji. Dereva anapindua Land Cruiser kwenye korongo. Mchuna ngozi anajikata kwa kisu akishindana na jua lisiharibu nyara, yaani ngozi na kichwa atakavyochukua mgeni. Mtu akiumwa na koboko, sumu inakwenda kwenye mishipa ya fahamu na pumzi inaweza kukatika ndani ya saa chache. Kutoka katikati ya Rungwa mpaka Itigi au Chunya kwa gari, saa hizo zinaisha njiani.

Kumwokoa mwindaji kwa ndege si jambo geni kwetu. Januari 1934, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alishikwa na ugonjwa wa kuhara wa amiba akiwa kwenye safari ya kuwinda kaskazini mwa Tanganyika. Ndege ndogo ilimfuata kambini ikampeleka Nairobi, akatibiwa, kisha akarudi kuendelea kuwinda. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kama AMREF, na nia yao ilikuwa kumfikia mwanakijiji aliye mbali na hospitali. Huduma hiyo bado ipo, ndege zake zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, na ina uanachama unaoitwa Maisha ambao mtu wa kawaida anaweza kujiunga nao. Maana yake njia ya kumtoa msoma nyayo porini ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwandikisha.

Mjomba wangu alikuwa msoma nyayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alipigwa na mbogo, paja likavunjika. Walimlaza nyuma ya gari juu ya magodoro ya kambi, wakamfunga mguu kwa fito na kanga, wakasafiri usiku kucha. Alitusimulia kwamba kila gari lilipoingia kwenye shimo alikuwa akiomba wamwache pale chini ya mti. Aliishi, lakini mguu ulipona ukiwa mfupi na kazi ya kutembea porini ikaishia hapo. Msimu uleule, kambi ileile iliita ndege kwa ajili ya mgeni aliyelalamika kifua. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mgeni yule, aliwahi. Simlaumu hata dereva aliyemchukua mjomba, kwani alifanya alichoweza. Ila ndege ilijua njia ya kwenda kwenye kile kiwanja, na hilo haliniondoki moyoni.

Nikisema haya huambiwa kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Ni kweli upo, na ni msaada mkubwa kwa aliyeumia kazini. Lakini mfuko hauna ndege. Fidia inafuata baada ya ajali kuripotiwa na fomu kujazwa, wakati rubani anahitaji dhamana ya malipo dakika ileile simu inapopigwa. Na kifuta machozi cha serikali kwa waliodhuriwa na wanyamapori nacho, kama jina lake linavyosema, kinakuja wakati kilio kimekwisha kutokea. Vibarua wa msimu wana hali ngumu zaidi: mtu ameajiriwa Julai kwa miezi michache, mkataba wake ni wa mdomo, na mwenye kambi hana hata jina lake la tatu.

Kwa wanaotaka kuandikisha watu wao, kuna mambo ya kuuliza kabla ya kulipa. Uanachama wa kuokolewa kwa ndege si bima ya matibabu. Unamfikisha mgonjwa hospitalini, halafu bili ya upasuaji inabaki kutafutiwa mlipaji. Bima nyingine za safari husafirisha mgonjwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine tu, hazimfuati alipoangukia. Nyingine huandika kwa herufi ndogo kwamba shughuli za silaha hazihusiki. Na kuna suala la anakopelekwa. Mtanzania aliyevunjika paja anaweza kutibiwa vizuri Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, au hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza, hivyo mkataba uelekeze huko, maana wasoma nyayo wengi hawana pasipoti ya kuvuka kwenda Nairobi.

TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori nje ya hifadhi za taifa, ndiyo inayoshughulika na vitalu vya uwindaji na vibali. Ninaiomba iweke sharti moja kwenye kibali: kampuni isianze msimu mpaka iwasilishe orodha ya kila mtu aliye kambini, kuanzia mwindaji bingwa hadi mchota maji, ikiwa na namba ya uanachama mbele ya kila jina. Askari wa serikali anayeambatana nao awemo. Askari wa vijiji kwenye maeneo ya jumuiya za wanyamapori, yaani yale yanayosimamiwa na vijiji vyenyewe, wawemo pia. Kiwanja cha ndege kikaguliwe, nyasi zifyekwe, na vipimo vyake vya ramani vibandikwe ukutani jikoni, sehemu ambayo kila mtu hupita. Viwanja vingi vya porini havina taa, kwa hiyo aliyeumia saa kumi na mbili jioni huenda akasubiri mapambazuko. Usiku huo mkanda wa kubana damu na mtu anayejua kuufunga vina thamani kuliko bima yoyote, na mafunzo hayo yanaweza kutolewa kambini kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Kuhusu gharama, sikubali kwamba haziwezekani. Safari ya siku 21 ya kuwinda simba inamgharimu mgeni makumi ya maelfu ya dola. Uanachama wa mwaka mzima wa mtu mmoja haufikii hata ada ambayo mgeni anailipa serikali kwa mbogo mmoja. Kampuni inaweza kuiweka fedha hiyo kwenye ankara ya mgeni kama inavyoweka ya petroli na ya kutayarisha nyara, na wawindaji wengi niliowahi kuwasikia wakiwazungumzia wasoma nyayo wao huwazungumzia kwa mapenzi makubwa. Waambiwe tu kwamba mtu huyo hana ndege. Sidhani kama wengi watakataa kulipa.