Gitaa Langu Lilikuwa na Nyuzi Nne na Mimi Nilikuwa na Amani

Kosa ni la mpiga kinanda. Nasema mapema ili kesi isije ikageuzwa. Mtu ana funguo 88, hajui dhiki ni nini. Kila wimbo lazima aushushe mpaka noti ya D ya chini kabisa, akifika huko ananitumbulia macho kama abiria anayengoja chenji. Na mimi nimesimama na gitaa la besi la nyuzi 4. Uzi wangu mnene kuliko yote ni E. Chini ya hapo ni ubao mtupu. Basi nakimbilia ile D nyingine, ya oktava ya juu. Bendi nzima inateremka ngazi, mimi peke yangu napishana nao nikipanda.

Dawa inajulikana: uzi wa tano, B, chini ya E. Kampuni ya magitaa ya Fender ilitoa besi ya nyuzi 5 mwaka 1965, lakini uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa sauti ya juu. Hiyo haimsaidii mtu aliyenyanyaswa na kinanda. Mpiga besi Anthony Jackson ndiye niliyemwelewa: mwaka 1975 alitengenezewa na fundi wa magitaa Carl Thompson besi ya nyuzi 6, B chini na C juu. Mimi sina tamaa hiyo. Mmoja tu ulinitosha.

Sasa, mtu mwenye akili hununua gitaa la nyuzi 5 yakaisha. Mimi nilipiga hesabu. Ninalo la nyuzi 4, la bei ya kutupa, hata jina lililoandikwa kichwani limeshafutika. Tano toa nne ni ngapi? Moja. Kitu kimoja kitanishinda?

Nikaagiza uzi. Jamani, huo si uzi. Unene wake milimita 3.3, ni kamba ya kufungia mbuzi. Nilipokata pakiti ulijikunjua wenyewe ukanichapa kidevuni, nikajua huyu hakuja kwa amani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kale kamfupa cheupe kanakokaa pale shingo inapokutana na kichwa, kenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Upana wake wote milimita 42, mifereji minne. Ilibidi nitafute kamfupa kapya nichonge mitano. Nimeibana shingo kwa magoti, mikono imejaa, nikamwita mke wangu: "Mama watoto, tupa!"

Alitoka ndani mbio, uso unang'aa. "Nilitupe sasa hivi?"

"Tupa! Ile ya kusugulia chuma!"

Alirudi ndani pole pole, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu kisha akaambiwa namba ilisomwa vibaya.

Mifereji mitano ikaingia, ila sasa nyuzi zimebanana kama watu wa foleni. Kidole kikikanyaga mmoja, jirani yake naye analalamika.

Ikafuata tundu la kichwani, la ufunguo wa kukazia uzi. Zile nne za mwanzo zimepanga mstari upande mmoja. Ya tano nikaona ikae upande wa pili, peke yake, kama mgeni asiye na kadi. Nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi ubao usichanike, nikaanza na keekee nyembamba, nikapanua taratibu. Tundu likatoka safi kabisa, mpaka nikajipigia makofi. Kisha nikatia ufunguo niliounyofoa kwenye gitaa la kawaida lililokufa, nikapitisha uzi. Haukupita. Tundu la ufunguo ule ni la nyuzi za gitaa dogo, na mimi nimekuja na kamba ya mbuzi. Nikaagiza ufunguo wa besi. Ulipofika, shina lake nene kuliko tundu langu safi. Nikatoboa upya. Safari hii ubao ukalia "kach", na makofi sikuyapiga.

Daraja, kile chuma cha tumboni mwa gitaa kinachoshikilia nyuzi, sitaki kulieleza kwa urefu, bado lina maumivu. Kwenye daraja la zamani kila uzi umeachana na mwenzake milimita 19, na vile vipande vya kuegemezea nyuzi vimejaza nafasi yote. Nilijaribu kukibana cha tano katikati. Hakikubaniki. Nikanunua daraja jipya, la nyuzi 5, lile jembamba.

Hapo ndipo pikapu ikaharibika, kile kidude cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika. Si kuharibika hasa: kwenye besi yangu imekatwa vipande viwili, na kila uzi una vijisumaku vyake viwili chini yake. Nyuzi zikishasogezwa, hazikai tena juu ya sumaku zao. Uzi wa A, ambao sasa ndio wa katikati, uliangukia pale pale vipande vinapoachana. Ukiupiga, sauti yake ni ya mtu anayeongea akiwa amefungiwa kabatini.

Nikampigia simu rafiki yangu mwanamuziki: "Nimeamua, nanunua pikapu." Mke wangu alikuwa mlangoni. Jioni ile aliniita "mume wangu" kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tuoane. Akauliza kama itakuwa ya rangi nyeupe. Nikamjibu kwa moyo safi kwamba nyeusi ndizo nyingi. Kifurushi kilipofika kinaenea kiganjani, alikitazama, akanitazama, akaenda kulala. Na kumbe chenyewe ni kirefu kuliko shimo lililopo, kinataka gitaa lichongwe tena. Nikakirudisha. A abaki kabatini.

Nikafunga nyuzi zote, nikakaza. Asubuhi shingo imepinda kama upinde. Kila uzi wa besi unavuta si chini ya kilo 15, na shingo hii ilizoea wanne. Nikauzungusha ule msumari mrefu wa ndani, robo duara, nikangoja, robo nyingine, mpaka ikanyooka kidogo.

Saa ya kuonja ikafika. Nikachomeka kwenye spika yangu ndogo, nikapiga B. Mtikisiko wa mara 31 kwa sekunde, spika ile haijawahi kukutana nao. Ilitoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye kopo. Kioo cha dirisha kilipiga besi nzuri zaidi.

Mpwa wangu alikuwa ameketi anatazama.

"Mjomba, kwa nini hukununua seti ya nyuzi 5, ukauacha ule mwembamba wa G, ukafunga B, E, A na D kwenye gitaa lako lile lile? Ungepanua mifereji kidogo tu."

"Na G nikiihitaji?"

"Uliupiga lini uzi wa G, mjomba?"

Nikamtuma maji.

Jumamosi nikaenda mazoezini, kifua mbele. Wimbo wa kwanza, kinanda kikashuka mpaka D. Na mimi nikashuka naye, nikamfuata mpaka huko huko chini, nikamtumbulia macho. Akasimamisha bendi nzima.

"Kaka, huku chini mkono wangu wa kushoto unatosha. Tunagongana. Wewe panda, kaa kwenye A."