Si Waliambiwa Wahame?

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Dar es Salaam, barabara ya Jangwani hufungwa na foleni ya Magomeni hugeuka baraza. Abiria hushuka kwenye daladala, wakasogea hadi maji yalipofika, wakatazama mto Msimbazi ukipita na magodoro, madumu na mapaa ya watu. Na hapo, kabla hajatokea wa kuuliza kama kuna aliyekufa, utamsikia mmoja akisema juu ya wakazi wa bondeni: "Si waliambiwa wahame?"

Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo tangu Desemba 2011, mafuriko yalipotupiga wiki mbili tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru na kuua watu zaidi ya 40. Niliyasikia tena 2014 na 2018. Hayasemwi na watu wenye roho mbaya. Mara nyingi anayeyasema ndiye huyo huyo ambaye kesho yake atachanga unga na nguo kuukuu. Lakini yanafanya kazi kubwa kuliko msemaji anavyodhani, na ili kuiona kazi hiyo nitaomba tutoke kidogo Jangwani twende New Orleans, Marekani, ambako maneno yale yale yalisemwa mwaka 2005, ila kule yalikuwa na rangi ya ngozi.

Kisa cha kimbunga Katrina kinajulikana. Kimbunga kilipiga Agosti 29, matuta ya kuzuia maji yakabomoka, takriban asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji, na waliokufa walizidi elfu moja. Theluthi mbili ya wakazi wa mji ule walikuwa weusi, na waliobaki juu ya mapaa na ndani ya uwanja wa Superdome walikuwa weusi kwa wingi zaidi ya hapo. Siku chache baadaye taasisi ya utafiti ya Pew ikawauliza Wamarekani: je, serikali ingefika haraka zaidi kama wengi wa walioathirika wangekuwa wazungu? Asilimia 66 ya weusi walijibu ndiyo. Asilimia 77 ya wazungu walijibu kwamba isingeleta tofauti yoyote.

Takwimu hii siachi kuirudia. Watu hawa waliangalia televisheni zile zile. Walimwona bibi yule yule kwenye kiti cha magurudumu, wakasikia taarifa zile zile za waziri na meya. Halafu wakaachana njia panda kiasi hicho. Maelezo ya haraka ni mawili, na yote mawili ni ya kivivu: kwamba weusi wa Marekani wamezoea kulalamika, au kwamba wazungu wa Marekani hawana huruma. La pili linapingwa na misafara ya misaada iliyotoka majimbo yote, na familia za kizungu zilizofungua nyumba zao kwa watu wasiowajua. La kwanza ndilo ninalolisikia zaidi hapa kwetu, tena kutoka kwa watu weusi, na ndilo linalonifanya niandike.

Ukweli ni kwamba Pew hawakuuliza juu ya kimbunga. Waliuliza juu ya kumbukumbu. Chukua uvumi mmoja tu. Baada ya Katrina, wakazi wa Lower Ninth Ward, mtaa wa weusi uliozama hadi paa, walisema matuta yalilipuliwa makusudi ili kuokoa mitaa ya matajiri. Walichekwa. Wahandisi walichunguza wakathibitisha kwamba matuta yalibomoka kwa sababu ya usanifu na ujenzi mbovu. Sawa. Lakini Aprili 1927, mto Mississippi ulipofurika, wakubwa wa benki wa New Orleans waliishawishi serikali ilipue tuta kwa baruti huko Caernarvon ili mji upone, na maji yakaenda kuzamisha vijiji vya watu maskini, weusi na wazungu. Hilo ni jambo lililofanyika mchana kweupe, kwa kibali. Mwaka huo huo, huko Greenville, jimbo la Mississippi, vibarua weusi walizuiwa juu ya tuta wasiondoke, ili wabaki kufanya kazi. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kikaizamisha Lower Ninth Ward, na uvumi wa baruti ukaamka. Kwa hiyo mzee aliyesema mwaka 2005 "wametulipua tena" alikosea juu ya baruti, ila neno lile "tena" hakulitoa hewani. Aliyecheka hakuwa na babu wa kumsimulia.

Sasa upande wa pili, na una hoja. Wanaosema "hili ni suala la umaskini na umri, msilipake rangi" wana takwimu mkononi. Watafiti waliochambua vifo vya Katrina katika jimbo la Louisiana walikuta asilimia 51 ya waliokufa ni weusi na asilimia 42 ni wazungu, na karibu nusu ya wote walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Maji yalichagua wazee kwanza. Wapo pia wanaokumbusha kwamba amri ya kuhama ilitolewa kabla, na kwamba wengi waliitii wakapona. Hoja hiyo nayo haipuuziki: serikali ikionya na mtu akabaki, lawama haiwezi kuwa ya serikali peke yake.

Ila tazama hoja hiyo inavyokatika ukiivuta kidogo. Zaidi ya robo ya kaya za New Orleans hazikuwa na gari, na agizo la kuhama lilikuwa, kwa vitendo, agizo la kupanda gari lako. Na ilikuwa mwisho wa mwezi. Anayesubiri mshahara au posho ya mwezi, tarehe 28 ana nini mfukoni? Mtu wa Dar hahitaji kufafanuliwa hilo. Halafu kuna Lakeview, mtaa wa wazungu wenye nafasi, uliojengwa juu ya ardhi iliyokuwa kinamasi kando ya ziwa, nao ukazama vibaya. Swali la "kwa nini walijenga kinamasini?" lilielekezwa Lower Ninth Ward zaidi kuliko Lakeview. Januari 2006 magazeti yakachapa ramani ya mapendekezo yenye maduara ya kijani juu ya mitaa ambayo ingeweza kugeuzwa bustani. Wenyeji wa mitaa hiyo, weusi wengi miongoni mwao, waliyatazama maduara yale kama sisi tunavyoitazama X nyekundu ya bomoabomoa ukutani.

Naomba nisimame kwenye jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linaloeleza mengine. Mpango mkubwa wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya uliitwa Road Home. Ulitoa hadi dola 150,000 kwa nyumba, lakini kwa kanuni: utalipwa kwa thamani ya nyumba yako kabla ya kimbunga, au kwa gharama ya kuijenga upya, kilicho kidogo ndicho chako. Inasikika kama haki tupu. Tuseme nyumba mbili zina ukubwa sawa, vyumba sawa, na kila moja itagharimu dola 130,000 kuijenga. Iliyo mtaa wa wazungu ilikuwa na thamani ya dola 150,000 sokoni. Mwenyewe anapata 130,000, anajenga. Iliyo mtaa wa weusi ilikuwa na thamani ya 70,000, kwa sababu soko la nyumba la Marekani limeishusha mitaa ya weusi kwa vizazi. Mwenyewe anapata 70,000, na simenti hauziwi kwa bei ya mtaa wake. Hakuna afisa aliyemchukia. Hakuna fomu iliyouliza rangi. Wenye nyumba walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 62. Nikikumbuka ile asilimia 77 iliyojibu "isingeleta tofauti", huwa nafikiri walijibu kwa unyofu kabisa. Walikuwa wakimtafuta mtu mwenye chuki, hawakumwona, wakahitimisha hakuna kitu.

(Kuna upande mwingine wa maafa ambao nitaupita haraka, kwa kuwa hauna mjadala: uvumi wa kutisha. Mwaka 1923, baada ya tetemeko la Kanto nchini Japani, ulisambaa uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na maelfu yao wakauawa. Mwaka 2005 viongozi wa New Orleans wenyewe walitangaza habari za ubakaji wa watoto ndani ya Superdome, ambazo baadaye hazikuthibitika. Picha ya kijana mweusi akiburuta bidhaa majini ilielezwa kuwa ni "kupora". Ya wazungu wawili wenye mkate ikaelezwa kuwa "wamepata" chakula dukani. Wapiga picha walikuwa wawili tofauti na kila mmoja alitetea maneno yake. Waliozitazama pamoja walishajua la kusema.)

Turudi nyumbani. Msomaji wa Dar atasema: sisi hatuna mambo ya rangi, mabondeni na vilimani wote ni Waswahili. Kwa leo, karibu ni kweli. Lakini ramani tunayokanyaga ilichorwa na watu waliokuwa na mambo ya rangi hasa. Wajerumani, kisha Waingereza, waliugawa mji huu katika kanda tatu, ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Kariakoo isigusane na mji wa biashara. Na kanuni zao, kama ya Road Home, zilipendelea kuzungumzia aina ya jengo kuliko rangi ya mtu. Upepo wa bahari ulikwenda kwa mmoja, joto na udongo wa tope kwa mwingine. Wakoloni waliondoka, mfereji, bomba na hati vilibaki viliko. Aliyekuja mjini miaka ya sabini na themanini akitafuta pa kulala karibu na kazi alikuta palipobaki ni bondeni, na dalali na mjumbe wakamwonyesha mipaka.

Serikali ina lake la kusema, na nilisikilize kwa haki. Nyumba za bondeni huziba njia ya maji, na maji yakizibwa huzamisha na wengine. Onyo la hali ya hewa hutolewa. Baada ya 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, na wapo waliouza wakarudi. Hilo la kurudi ndilo ushahidi unaopendwa zaidi: unaona, watu wabishi. Lakini Mabwepande iko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Mama lishe wa Kariakoo anayetakiwa awe amewasha jiko saa kumi na moja alfajiri atoke huko saa ngapi, kwa nauli ipi? Na kama kujenga Jangwani ni ubishi, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa pale pale, kwa michoro na vibali, ikafurika zaidi ya mara moja, na sijasikia mtu akisema mabasi yaliambiwa yahame.

Linganisha na Katesh, Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliposhuka na kuua watu zaidi ya 80. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini walijenga chini ya mlima. Wale walikuwa wenzetu waliopatwa. Wa bondeni, kwa sababu anapatwa kila mara, tumeshampa kabila lake: "watu wa mabondeni". Ana sifa za kabila pia, mbishi, mchafu, anapenda misaada. Mwaka 2005 waandishi wa habari walipowaita watu wa New Orleans wakimbizi, Wamarekani weusi walikasirika, na hata Rais Bush akasema wale ni Wamarekani. Sisi tunaowajua wakimbizi wa kweli kule Kigoma tunaelewa kilichowauma: ukimwita mtu hivyo, umemtoa nje ya uzio.

Nao mjadala wa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaotaka kuligeuza bonde kuwa bustani na njia salama ya maji, umejaa habari ya fidia kwa mwenye jengo. Mradi una mantiki, na mimi ningependa uende mbele. Ninachoulizia ni mtu ambaye hana jengo. Road Home nao ulikuwa wa wenye nyumba, katika mji ambao zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa za wapangaji. Mpangaji wa Kigogo au Hananasif amelipa kodi ya miezi sita mbele, ndivyo wenye nyumba wa Dar wanavyotaka. Mvua zikimkuta mwezi wa pili, kodi ya miezi minne iliyobaki iko mfukoni mwa mwenye nyumba, na mlangoni kwake anasimama mtu mwenye mwavuli anayemwambia ahame.