Mtulinga umevunjika: leso au chuma?

"Mjomba, nimevunjika mkono." Mpwa wangu alinipigia saa mbili usiku. Nilipomfikia kwenye zahanati moja Kayole, Nairobi, nilimkagua vidole, kiganja na kisugudi, vyote vizima. Alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, bega la kushoto limelala, na kwa mkono wa kulia amekipakata kisugudi cha kushoto kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Juu, kati ya shingo na bega, ngozi ilikuwa imeinuliwa na kitu chenye ncha. Ulikuwa mtulinga, mfupa wa mbele unaotoka kifuani hadi begani.

Sikumsahihisha. Kiswahili huita mkono kila kitu kuanzia begani hadi kwenye kucha, na hata neno kiwiko kwa wengine ni pale mkono unapokunjwa, kwa wengine ni pale saa inapovaliwa. Halafu, kimaumbile, kijana hakukosea sana. Mtulinga ndio mfupa pekee unaoufunga mkono kwenye kiwiliwili. Kombe la bega, lile bapa la mgongoni, limeshikwa na misuli tu. Mtulinga ukikatika, mkono mzima hauna pa kuegemea.

Alikuwa kwenye pikipiki yake Kangundo Road, mkokoteni ukakatiza, akarushwa akatua na bega. Mitulinga mingi huvunjika hivyo hivyo, kwa bega kupiga chini, ingawa wengi hudhani ni mtu kuangukia kiganja. Mfupa wenyewe umejipinda kama herufi S, na takriban mara 8 kati ya 10 hukatika katikati, mahali ulipo mwembamba na usipo na nyama ya kuukinga. Ukishakatika, msuli wa shingo unavuta kipande cha ndani kwenda juu, uzito wa mkono unavuta cha nje kwenda chini, misuli ya kifua inakisukuma ndani. Vipande vinapandana, bega linakuwa fupi.

Daktari wa zamu alitazama picha ya eksirei, akafunga leso shingoni na kusema wiki sita. Kesho yake, katika kliniki nyingine ambayo sitaitaja, tuliulizwa "mna bima gani?" kabla ya picha kutolewa kwenye bahasha. Jibu huko likawa chuma, yaani kupasuliwa na mfupa kufungwa kwa kipande cha chuma na skrubu, na iwe wiki hii. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kikagawanyika. Shangazi mmoja akaongeza njia ya tatu, mkandaji anayemwamini, na hiyo niliifunga mapema: nyuma ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa wa damu wa mkono na fungu zima la neva zake, na mfupa mbichi uliovunjika una ncha. Mkandaji asubiri hadi mfupa uunge.

Tubaki na leso na chuma, maana pande zote mbili zina hoja.

Wa leso wana historia. Mwaka 1960 daktari wa Marekani, Charles Neer, alichapisha hesabu ya watu 2,235 waliovunjika mtulinga katikati na kutibiwa bila kisu. Mfupa ulikataa kuunga kwa watu 3 tu. Baada ya hapo nani angethubutu kupasua? Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba mtulinga huunga wenyewe, mradi ncha zake mbili ziwe katika chumba kimoja. Hata ule mkanda wa kuzungushwa mabegani kama nambari nane, unaombana mtu kwapani, ulilinganishwa na kombeo la kawaida, kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni kama leso yetu, huko Denmark mwaka 1987, na haukuonekana kuunganisha mfupa vizuri zaidi. Leso ya mama inatosha.

Kisha wa chuma wakaja na hesabu zao. Mwaka 2007 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa watu wazima 132 ambao vipande vyao vilikuwa vimeachana kabisa, wakawagawa kwa bahati nasibu. Waliofuatiliwa hadi mwisho, mfupa haukuunga kwa 7 kati ya 49 wa kombeo, na kwa 2 kati ya 62 wa chuma. Wa kombeo wengine 9 uliunga ukiwa umepinda kiasi cha kuwasumbua. Mwaka 2013 Waskoti wakafanya hivyo kwa watu 200: mifupa 16 haikuunga upande wa kombeo, mmoja tu upande wa chuma. Ukilinganisha na wale 3 wa Neer unashangaa kama ni mfupa ule ule. Ni ule ule, ila hesabu za zamani zilichanganya watoto, ambao mitulinga yao huunga karibu bila kuombwa, na watu ambao mfupa ulikuwa na ufa tu.

Hapo wa chuma husimamisha hadithi. Mimi nataka iendelee, kwa sababu Waskoti hao hao walifanya jambo moja zaidi: waliwaondoa kwenye hesabu wale ambao mfupa haukuunga, wakawalinganisha waliobaki. Tofauti ya matumizi ya mkono ikapotea. Yaani aliyefungwa kombeo mfupa ukaunga, baada ya mwaka ananyanyua, anasukuma na kuvaa shati sawa na mwenye chuma. Faida ya chuma karibu yote imo katika kumwokoa yule mmoja kati ya 6 au 7. Wengine watano au sita wamepasuliwa kwa ajili yake, na siku ya kwanza hakuna daktari anayeweza kumnyooshea kidole yule mmoja. Anaweza kukisia tu: aliyevunjika vipande vingi, ambaye ncha za mfupa wake hazigusani, anayevuta sigara. Mpwa wangu ana pakiti huificha nikija. Wiki hiyo niliitoa mwenyewe mfukoni mwa jaketi lake.

Kisu nacho kina bei nje ya ile ya bili. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Neva ndogo za ngozi hukatwa, mtu akabaki na ganzi kifuani chini ya kovu. Na chuma kinakaa chini ya ngozi tu, bila nyama ya kukifunika, kwa hiyo wengi hurudi kukitoa. Fikiria hamali wa soko la Marikiti: gunia la viazi hutua palepale skrubu zilipo. Msafirishaji wa vifurushi, mkanda wa begi hupita hapo hapo.

Lakini hoja ya chuma iliyonipa taabu haikutoka kwa daktari. Ilitoka kwa mpwa wangu. "Mjomba, hao wa utafiti wanahesabu mwaka. Mimi nahesabu jioni." Pikipiki ni ya mkopo, malipo ni ya kila siku, na mkopo hausikii habari ya mtulinga. Yuko sahihi kwamba chuma hupunguza maumivu katika majuma ya mwanzo na humrudisha mtu kwenye shughuli mapema zaidi. Nilichoweza kumwambia ni kwamba hata mwenye chuma hapandi pikipiki wiki inayofuata, na kwamba akipata kidonda chenye usaha atahesabu jioni nyingi kuliko hizo.

Kuna jambo jingine hatukulisikia popote tulipokwenda. Leso iliyopimwa Kanada na Uskoti ni leso yenye tarehe: rudi siku fulani upigwe picha, anza kuzungusha vidole leo, kisugudi wiki hii, bega baadaye. Leso tuliyopewa sisi ilikuwa leso na kwaheri. Hakuna aliyesema neno kuhusu kisugudi, na kisugudi kikikaa kimekunjwa wiki sita kitakataa kunyooka. Ukimlinganisha mtu wa leso ya namna hiyo na mtu wa chuma, chuma kitashinda, na sifa haitakuwa yake. Kwa hiyo sikubali kwamba takwimu za ng'ambo zinahamia hapa kama zilivyo, kwa upande wowote. Mgonjwa asiye na wa kumfuatilia nisingempa leso kwa moyo mweupe, na chuma nisingempa pia.

Zipo picha ambazo mjadala haupo: mfupa uliotoboa ngozi, ngozi iliyovutwa hadi ikapauka, mkono uliopoa au uliokufa ganzi. Hao hawafiki kwenye WhatsApp, wanapelekwa Hospitali ya Kenyatta usiku huo huo. Yule daktari wa zamu, namkumbuka kwa hili, alifinya ngozi juu ya ile ncha akaisogeza kushoto na kulia. Ilisogea, na rangi yake ilikuwa nzima. Vipande vilikuwa vimepandana kama sentimita moja na nusu. Madaktari wengi huanza kuvutwa na kisu ikifika 2. Tukachagua leso, tukatafuta wenyewe mtu wa fiziotherapia.

Sasa kijana huinama stejini asubuhi, mkono unaning'inia, anauzungusha taratibu kama anakoroga sufuria lililo chini, na wenzake wanamwuliza uji utaiva lini. Wiki ya sita inatimia Jumatatu. Kwenye picha tutatafuta lile wingu jeupe la mfupa mpya. Lisipokuwepo tutaongeza wiki sita, na baada ya hapo likikosekana tena nitamsindikiza mimi mwenyewe kuwekewa chuma, nikijua kwamba kisu cha kuchelewa ni kikubwa zaidi na huenda kikahitaji kipande cha mfupa kutoka nyongani. Wa kundi la chuma kwenye WhatsApp wameshaandika kwamba watanikumbusha.