Fortress na Liberator kwa Waingereza: kosa la ndege au la mgawo?

Tarehe 8 Julai 1941, ndege tatu aina ya Fortress, zilizoundwa na kampuni ya Boeing ya Marekani, ziliruka kutoka Uingereza mchana kweupe kwenda kupiga bandari ya Wilhelmshaven huko Ujerumani. Zilikuwa za Kikosi Na. 90 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Uingereza ilikuwa imepewa ndege 20 za aina hiyo. Septemba haijaisha, mashambulizi hayo juu ya Ulaya yakasitishwa. Tangu hapo wafuatiliaji wa historia ya vita wanavutana: je, Wamarekani walitoa ndege ambayo haijaiva, au Waingereza hawakujua kuitumia?

Kila upande una hoja. Waingereza walizipandisha hadi mita 9,000 hivi, wakiamini adui hatazifikia. Huko juu baridi iligandisha bunduki, vioo vikafunikwa na barafu, na nyuma ya kila ndege ukabaki mstari mweupe angani unaomwonyesha adui njia nzima. Mkiani hapakuwa na bunduki hata moja, kwa hiyo ndege ya adui iliyokuja kwa nyuma ilikuja kwa raha zake. Wamarekani nao walilalamika, tena kwa haki, kwamba ndege hizo zilitumwa mbilimbili na tatutatu wakati nguvu yake ilikuwa kuruka kwa wingi, zimekaribiana, kila moja ikimlinda mwenzake kwa bunduki zake. Binafsi naona lawama ya kwanza ndiyo nzito zaidi. Boeing wenyewe walikuwa wameshabuni toleo jipya lenye bunduki mkiani, na liliruka mara ya kwanza Septemba hiyohiyo ya 1941. Waingereza walipigana na toleo ambalo mtengenezaji alikuwa tayari anaachana nalo.

Ila mabishano hayo ya Fortress yamefunika jambo kubwa zaidi, nalo ni Liberator, ndege nyingine ya mabomu kutoka Marekani.

Liberator haikuwa ndege ya kupendeza. Ilikuwa nzito kuendesha, na ikilazimika kutua baharini tumbo lake lilipasuka upesi. Lakini bawa lake jembamba na refu liliifikisha mbali kuliko ndege nyingine zote za nchi kavu walizokuwa nazo Waingereza. Katikati ya Atlantiki ya Kaskazini palikuwa na eneo ambalo ndege za kawaida hazikulifikia, ziwe zimetoka Iceland, Ireland au Newfoundland. Hapo ndipo nyambizi za Kijerumani zilipojikusanya makundi kusubiri misafara ya meli. Mwaka 1942 peke yake nyambizi za maadui zilizamisha zaidi ya meli 1,000.

Dawa ilikuwa imeshajulikana. Tangu Juni 1941 Kikosi Na. 120, chenye makao Nutts Corner, Ireland ya Kaskazini, kilikuwa na Liberator za kulinda misafara, zenye rada na matangi yaliyojaa mafuta. Nyambizi ya wakati huo ilienda kasi ikiwa juu ya maji tu, maana chini ilitegemea betri. Ikisikia ndege hupiga mbizi, na ikishazama, msafara unaipita. Ndege ilishinda hata bila kuangusha bomu, na kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa 1943 kikosi hicho kimoja ndicho pekee kilichokuwa na Liberator za masafa hayo marefu. Machi mwaka huo, misafara miwili, HX 229 na SC 122, ilipoteza meli 22 ndani ya siku chache. Nyambizi iliyozama upande wa pili ilikuwa moja.

Arthur Harris, mkuu wa ndege za mabomu za Uingereza, alikuwa na jibu lake kwa waliotaka ndege zaidi zipelekwe baharini, na si jibu la kudharau: nyambizi ipigwe inakoundwa na inakolala, usiingoje baharini. Kwa kunyima bahari ndege, alikuwa anatetea kazi aliyoamini itamaliza vita yote. Tatizo ni kilichotokea. Mapema 1943 ndege zake zilipiga Lorient na Saint-Nazaire kwenye pwani ya Ufaransa hadi miji hiyo ikawa vifusi, lakini mahandaki ya zege zilimolala nyambizi yakabaki yamesimama.

Lakini kumtwika Harris mzigo wote ni kumwonea. Liberator zilitoka viwanda vya Marekani, na waliozigombania walikuwa wengi: jeshi la anga la Marekani, jeshi lake la maji katika Pasifiki, na Waingereza wenyewe, waliopeleka vikosi vya 159 na 160 Mashariki ya Kati na India mwaka 1942. Na huko mashariki hazikukaa bure. Mwaka 1944, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza) wakipambana na Wajapani na matope ya bonde la Kabaw, Burma, Liberator ndizo zilizokuwa zikivunja reli na madaraja yaliyomlisha adui.

Nyambizi nayo ilitugusa. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo sipimi suala hili kama mtazamaji wa mbali. Nikipima, naona Liberator thelathini au arobaini zaidi juu ya Atlantiki mwaka 1942 zingeokoa mabaharia na shehena kuliko ambavyo zingeumiza Ujerumani zikiwa juu ya miji yake. Ndege zilipoongezwa masika ya 1943, pamoja na meli za kusindikiza na rada bora, Mei ikaisha Wajerumani wamepoteza nyambizi 41, na Dönitz, mkuu wa jeshi la maji la Ujerumani, akaziondoa nyambizi zake Atlantiki ya Kaskazini.

Agosti 11, 1943, Lloyd Trigg wa Nyuzilandi, rubani wa Kikosi Na. 200 kilichokuwa Gambia, aliiona nyambizi U-468 kusini-magharibi mwa Dakar. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya kivita na Liberator. Mizinga ya nyambizi iliichoma ndege. Angeweza kujitosa baharini, akaendelea mbele. Alipita juu yake kwa mita 15 hivi, akaangusha mabomu, kisha ndege ikaanguka na watu wote wanane wakafa. Wajerumani saba waliopona walielea kwenye boti ya mpira iliyotoka kwenye mabaki ya ndege hiyohiyo. Walipookolewa, kapteni wao ndiye aliyewasimulia Waingereza alichokifanya Trigg, na kwa ushahidi wa hao maadui peke yao akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.