Mlinzi wa Betri

Maishani mwangu sijawahi kulinda kitu. Hata kuku sijalinda. Lakini leo, saa tano usiku, watu wazima wenzangu wamejifunika shuka, mimi niko jikoni juu ya kigoda, mikono mapajani, nimevikodolea macho vitaa viwili vyekundu vya chaja kama ndugu wa mgonjwa aliyeingizwa chumba cha upasuaji. Kila baada ya muda nanyoosha kidole, nagusa betri. Vuguvugu. Haya. Narudisha kidole. Baada ya dakika kumi nagusa tena. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Haina mshahara, haina sare, na wa kunipokea zamu hayupo.

Nimefikaje hapa? Nimeletwa na moto. Sigara ya kiberiti niliiacha kwa sababu ya moto tu, nisijifanye mtakatifu. Mashati yangu yote yalikuwa na vitobo kifuani, ungedhani nimeponea vita. Kochi lilikuwa na jicho. Godoro lilikuwa na macho mawili. Mama watoto akasema, "Siku moja utatuchoma humu ndani, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Nikaingiwa na werevu, nikanunua sigara ya umeme. Haina kiberiti, haina jivu, haina kichungi cha kutupa. Nikawa natembea kifua mbele, mtu aliyeukimbia moto.

Kumbe moto sikuukimbia. Niliufungia ndani ya kikopo cha chuma nikautia mfukoni.

Aliyeniharibia raha ni shemeji yangu, kaka wa mama watoto, ambaye ni fundi wa vifaa vya umeme na kwa hiyo hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kutazama soketi kabla ya kutazama wenyeji. Alikuja kutusalimia, akapitiliza chumbani kuchukua mto wa kuegemea, akakikuta kifaa changu kimelala kitandani, kwenye chaji, nimekifunika na pembe ya blanketi. Sikumbuki kwa nini nilikifunika. Nadhani ni huruma.

"Shemeji," akaniita kwa ile sauti ya daktari anayekuomba uketi kwanza. "Hiki huwa kinapata joto hivi kila siku?"

Nikamwambia ndiyo, si kinakula? Mtu akila si anapata joto?

Akashika kichwa. Akauliza chaja niliyotumia ni ipi. Nikamwambia ile ya simu, inayochaji haraka haraka. Tundu ni lilelile, waya unaingia, kwani kuna tatizo gani? Akasema tundu kuingia si ruhusa, hata funguo ya jirani inaweza kuingia mlangoni kwako. Akaniambia FDA ya Marekani, wale wa chakula na dawa, inawaonya watu wasichaji vifaa hivi kwa chaja ya simu wala ya tableti, watumie iliyokuja na kifaa na wafuate maelekezo. Akaniuliza maelekezo yako wapi. Ah! Kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane, maandishi yake kama mayai ya chawa? Nilikitupa pamoja na boksi siku ileile. Mwanamume akisoma maelekezo ataambiwa ameshindwa.

Basi akakaa chini akanipa darasa, na tangu siku ile sijalala vizuri. Ndani ya betri ya lithiamu, anasema, kuna tabaka mbili nyembamba zimeviringishwa pamoja kama mkeka, na katikati yake kuna utando mwembamba wa plastiki wa kuzitenganisha zisigusane. Zote zimeloa kimiminika, na kimiminika hicho si maji, ni kitu kinachoshika moto. Utando ukitoboka, au betri ikijazwa kupita kiasi, au ikipata joto la ajabu, pande zile mbili zinakutana. Zikikutana zinatoa joto. Joto linaharibu utando zaidi, uharibifu unaleta joto zaidi, na hapo hakuna tena wa kuwaamulia. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Huu unazaa moto mwenzake kwanza, jivu baadaye.

Kwa kawaida betri moja ina volti 3.7 hivi. Ikijaa inafika 4.2, na hapo ndipo mwisho wa kijiji. Chaja yenye akili inakoma hapo. Ile ya ovyo inaendelea kusukuma tu, kama bibi anayemlisha mjukuu aliyekwisha kushiba, mpaka yatoke yote aliyomlisha.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini mimi ni mtu wa kupanda cheo. Nikanunua kifaa kikubwa zaidi, chenye betri mbili za kutoa na kuweka. Zimeandikwa 18650. Nilidhani ni namba ya stakabadhi. Kumbe ni umbo lake: upana milimita 18, urefu milimita 65, na ile sifuri ya mwisho ni ya kusema kwamba ni ya mviringo. Sifuri nzima imeajiriwa kueleza jambo ambalo macho yanaliona!

Hizi mbili ndizo zilizoniletea mambo ya ndoa. Ndiyo, ndoa. Shemeji anasema betri mbili zinazokaa kifaa kimoja lazima ziwe zimeoana. Zinunuliwe siku moja, aina moja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, na siku moja ikichoka ziondoke zote mbili. Usimtoe mmoja ukamletea mwenzake kijana mpya kutoka dukani, kwa sababu yule mzee ataisha chaji mapema, kijana ataendelea kumsukuma, na mzee ataumia kwa mzigo usio wake. Nilizifunga karatasi kila moja, nikaziandika "Bwana" na "Bibi" nisije nikazichanganya na nyingine.

Mama watoto akapita, akasoma, akasimama. "Kumbe unayajua masharti," akasema. "Kutembea pamoja, kula pamoja, kutochanganya. Unayajua kabisa." Akaenda zake. Sikujibu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unafungua faili.

Halafu kuna suala la nguo. Betri hizi zina kinguo cha plastiki, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mimi nilidhani ni urembo, mahali pa kuandikia jina. Hapana. Kopo lote la betri, tangu kitako mpaka mabegani, ni upande wa hasi, na chanya ni kale kakofia ka juu tu. Kinachozitenganisha pale mabegani ni kipete kidogo na hicho kinguo. Kinguo kikichanika, ukaigusisha kwenye chuma, inapiga shoti hapohapo. Kwa hiyo mimi, ambaye soksi zangu zina madirisha, kila asubuhi nakagua nguo za betri chini ya mwanga wa tochi kuona kama zimechanika. Zikichanika zivalishwe upya au zistaafu.

Na usiulize nilikuwa nazibeba wapi zile za akiba. Mfukoni. Pamoja na funguo, sarafu na kile kisu kidogo cha kufungulia kila kitu. Shemeji aliposikia akainuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akasema idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikusanya habari za matukio ya sigara hizi kuwaka na kulipuka kati ya 2009 na 2016, yakafika 195. Yaliyotokea kifaa au betri ikiwa kwenye chaji ni 48. Yaliyotokea ikiwa mfukoni ni 61.

Nikashika mfuko wangu wa mbele wa suruali. Kimya kikapita. Wanaume wote mliopo hapa mnajua mfuko ule unapakana na nani.

Siku hiyohiyo nilinunua vikasha vya plastiki, kila betri na chumba chake. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na chumba changu.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuchajia, maana hapa ndipo nilipogundua kuwa siijui nyumba yangu. Unaambiwa tafuta mahali pagumu, pakavu, pasipo na kitu cha kushika moto karibu, na unapoweza kupaona. Maneno marahisi. Nikaanza kuzunguka na chaja mkononi kama muuza mitumba. Kitandani, haiwezekani. Kochi, hapana. Zulia, hapana. Meza ya sebuleni ina kitambaa, juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, chini ya kitambaa kuna mbao. Dirishani kuna pazia, na mchana jua linapiga, nalo joto hilohilo tunalikimbia. Juu ya kabati kuna madaftari ya watoto tangu shule ya awali. Bafuni maji. Karibu na jiko ni ukichaa. Kwenye korido karibu na mlango, shemeji akakataa: kikiwaka hapo, mtapitia wapi kutoka? Nikaketi chini nikaitazama nyumba. Miaka yote hii najidai nina nyumba, kumbe nimepanga kuni vizuri tu.

Pakapatikana hapa jikoni, pembeni, mbali na jiko, sakafu ya vigae. Mita moja ya mraba. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba yangu isiyotaka kuungua.

Na usidhani unaweka halafu unakwenda kulala. Kulala ndiko kunakokatazwa kuliko yote. Usichaji usiku umelala, usichaji umetoka, ikijaa chomoa. Nikauliza, inachukua muda gani? Akapiga hesabu: betri ya miliampea-saa 3000, ukiichaji kwa ampea moja, ni saa tatu na ushei, kwa sababu mwishoni inapunguza mwendo. Nikasema basi tuisukume kwa ampea mbili. Akasema unaweza, kama betri yenyewe inaruhusu, ila itapata joto zaidi na itazeeka mapema. Kwa hiyo saa tatu. Sigara ya zamani ilinichukua dakika tano, na haikutaka mtu wa kukesha nayo.

Halafu sikilizeni balaa. Saa hizo tatu ndizo kiu inaposhika. Ukiwa na betri mfukoni unaweza kusahau hata mchana mzima. Ziweke kwenye chaji tu, utamu wote wa dunia unahamia kwenye kile kifaa kitupu. Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikaigusa Bibi, nikaona ina joto kidogo, nikasema niipoze haraka nimalize kazi. Nikaitia kwenye friza.

Nilimpigia shemeji simu kujisifu. Ukimya wake ulikuwa mrefu nikadhani salio limekwisha. Akaniambia betri ikipata joto la ajabu kwenye chaji hiyo ni habari, isikilize: chomoa, iache ipoe yenyewe, utafute sababu. Na betri iliyoganda usiichaji kabisa, kwa sababu chini ya nyuzi sifuri lithiamu inashindwa kuingia mahali pake, inajitandaza juu juu kama chuma, na huko ndiko utando unakoweza kutobolewa. Kwa hiyo nimeondoa ugonjwa wa kudhani nikaleta wa kweli. Bwana na Bibi wakastaafu pamoja, kama masharti yalivyo. Nimewafunga utepe wa gundi kwenye ncha zote mbili wasipige shoti, wamo kwenye mtungi wa plastiki wakisubiri kupelekwa wanakokusanya betri zilizokufa, kwani kwenye pipa la taka nako hawatakiwi. Hizi ninazolinda leo ni ndoa ya pili.

Binti yangu naye hanisaidii. Kaja hapa saa tatu usiku kunywa maji, kanikuta kwenye kigoda, akaniambia, "Baba, unajua betri hizo zilipewa Nobeli ya kemia 2019? Walikuwa watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino. Goodenough alikuwa na miaka 97." Akanywa maji akaenda kulala. Mzee wa miaka 97 amepewa zawadi kwa kusaidia kuigundua, mimi sijafika hata nusu yake nashindwa kuichaji.

Nimeambiwa pia nisikilize na ninuse. Ikianza kuzomea, ikavimba, ikatoa harufu tamu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, nisiende kuishika kishujaa. Moshi wake ni sumu. Niwaamshe wote, tutoke, tuite zimamoto. Kwa hiyo masikio yangu usiku huu ni ya sungura. Bomba likidondosha tone, nasimama. Friji ikikoroma, nasimama.

Na sasa hivi, wallahi, kitu kimesema: tii.

Nimeruka mpaka kigoda kimeanguka. Nagusa betri, vuguvugu. Nanusa, sinusi kitu. Vitaa vyekundu, vimetulia. Nimesimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, kama dakika moja hivi.

Tii.

Inatoka juu. Nainua kichwa. Ni kile king'ora cha moshi nilichokipachika darini mwezi uliopita kwa amri ya shemeji. Kinalia kwa sababu betri yake inaisha.

Nikaenda kwenye droo kutafuta ya akiba, ile ya mraba ya volti 9, yenye vichwa vyote viwili upande mmoja. Nimeikuta imelala kifudifudi juu ya misumari na sarafu. Niliiweka mimi mwenyewe. Nikaitoa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemwondoa nge shingoni mwa mtoto, nikainua kigoda changu, nikapanda, jicho moja darini, jingine kwenye chaja.

"Wewe baba," mama watoto akaita kutoka chumbani, "ni nini hicho kinacholia?"

"Mlinzi mwenzangu," nikamjibu. "Anasinzia kazini."