Kura ni tatu, mafiga tuyaache jikoni

Kila msimu wa kampeni hurudi lile neno la mafiga matatu: mpe rais, mpe mbunge, mpe diwani, wote wa chama kimoja, chungu kisiyumbe. Ni picha nzuri, inaeleweka hata kwa asiyejua kusoma, na ndiyo maana imedumu. Kasoro yake iko kwenye kazi yenyewe. Diwani anakaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri na kumhoji mkurugenzi, na mkurugenzi huyo ni mteule wa rais. Mbunge, kwa Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania, yumo kwenye chombo kilichopewa jukumu la kuisimamia na kuishauri serikali. Hawa wawili tunawalipa wafunue kifuniko waone kinachopikwa. Figa linalomkagua mpishi bado sijalisikia.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba tumtazame mtu kabla ya chama, na hapo nazungumzia zaidi karatasi ya mbunge na ya diwani. Kwenye urais sera na ilani ya chama zina uzito mkubwa, na hilo silibishi. Huku chini mtu ndiye anayeshika kalamu ya kusaini, ndiye anayenyamaza kikaoni au kunyanyua mkono.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaosema "chagua mtu" huiruka. Tanzania haina mgombea binafsi. Ibara ya 39 na ya 67 zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba. Ikamkubalia tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapahapa, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona jina la mgombea asiye na chama kwenye karatasi ya kura, na hadi leo halijaruhusiwa. Mlango ni mmoja, wa chama. Unachoweza kuchagua ni nani apite kwenye mlango huo.

Kuna na Ibara ya 71: mbunge akikosa uanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimeondoka. Watu huisoma kama kinga dhidi ya wasaliti, na kwa sehemu ni hivyo. Lakini inafanya kazi pia kama kamba shingoni mwa mbunge mkweli. David Kafulila alivuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, akabaki na kiti cha Kigoma Kusini kwa sababu tu alikimbilia mahakamani. Mwaka 2014 ni yeye aliyelipigia kelele bungeni suala la fedha zilizotolewa kwa utata kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu. Kama kadi ya chama ingekuwa neno la mwisho, siku hiyo asingekuwamo ukumbini.

Na hiyo Escrow iliposhughulikiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo wa CHADEMA, na makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM wa Ludewa. Wa upinzani na wa chama tawala wakaisimamia ripoti moja. Miaka sita kabla yake, Februari 2008, ripoti ya Richmond, kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya jina hilo, ilisomwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, na ikafuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu wa CCM. Ukimpima Filikunjombe au Mwakyembe kwa rangi ya shati, utapata jibu ambalo halina uhusiano na walichokifanya siku hizo.

Rangi yenyewe hufuliwa. Edward Lowassa, Waziri Mkuu yule wa 2008, alikana kosa siku zote na kusema aliwajibika kisiasa tu. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya tuhuma za ufisadi iliyosomwa na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA pale Mwembeyanga, Septemba 2007. Mwaka 2015 CHADEMA hiyohiyo ikamsimamisha kugombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, Slaa akajitoa. Mwaka 2019 Lowassa akarudi CCM. Simhukumu marehemu. Nauliza tu: yule shabiki aliyempigia kura kwa chama, alimwamini mtu yupi, wa 2007, wa 2015, au wa 2019? Kisha likaja wimbi la 2017 na 2018, wabunge na madiwani wakihamia CCM "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, kiti kinakuwa wazi, uchaguzi wa marudio unaitishwa kwa fedha za umma, na aliyehama anarudi na bendera mpya. Ilikuwa hivyo Kinondoni na Siha, Februari 2018. Hata Kafulila niliyemtaja naye alihamia CCM na kupewa vyeo. Kwa hiyo uadilifu hauchunguzwi mara moja ukafungwa kabatini, hupimwa upya kila uchaguzi, na kwa kitendo.

Sasa unampimaje? Sala na sauti ya upole jukwaani haviingii hapa. Umasikini nao si ushahidi wa usafi, wala gari kubwa si ushahidi wa wizi. Anzia kwenye fedha za watu alizowahi kushika. Karibu kila anayegombea udiwani amewahi kuwa kwenye chama cha kuweka na kukopa (SACCOS), ushirika wa mazao (AMCOS), kamati ya shule, kamati ya maji, bodi ya zahanati au uongozi wa msikiti au kanisa. Tafuta watu watatu: aliyekuwa mweka hazina wakati wake, mjumbe aliyegombana naye, na aliyempokea kiti. Huyu wa tatu ndiye mwenye habari. Muulize kama kulikuwa na makabidhiano ya maandishi, yaani salio la benki, orodha ya mali, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika. Kiongozi aliyeondoka bila makabidhiano anaweza kuwa mzembe tu, lakini uzembe wa vitabu vya stakabadhi ndio kichaka wezi wanachojifichia.

Kama alikuwa mwenyekiti wa kijiji, swali ni jepesi zaidi. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, mara nne kwa mwaka, mara ishirini kwa kipindi cha miaka mitano. Ilisomwa mara ngapi? Muhtasari upo? Mara nyingi utaambiwa akidi haikutimia. Inawezekana. Akidi isipotimia mara mbili ni bahati mbaya. Isipotimia mara kumi na tano, kuna mtu anaona raha isitimie.

Kwa anayetetea kiti, fungua ripoti ya Mkaguzi Mkuu (CAG) ya serikali za mitaa. Rais hukabidhiwa ripoti hiyo kila mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni na kuwekwa wazi. Hapa watu hukosea: wanatafuta neno "hati inayoridhisha" na kushangilia. Hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba hakuna aliyekula. Halmashauri inaweza kupata hati safi na ndani ya ripoti hiyohiyo kukawa na mapato yaliyokusanywa kwa mashine yasiyopelekwa benki. Nenda kwenye hoja zenyewe, hasa zile za miaka ya nyuma ambazo hazijajibiwa. Hoja inayojirudia miaka mitatu maana yake baraza la madiwani lilikaa nayo miaka mitatu. Diwani wako alikuwamo.

Kwa mbunge, Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala, ziko kwenye tovuti ya Bunge. Usihesabu mara alizosimama, maana wapo wanaosimama kila siku kupongeza. Tazama aliuliza nini pale swali lilipomgusa waziri wa chama chake. Halafu uliza kuhusu Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe kwa sheria ya 2009. Miradi iliibuliwa na nani, na bati zilizonunuliwa ziko juu ya paa lipi? Lipo pia tamko la mali, ambalo wabunge na madiwani wote hulipeleka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ifikapo tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kwenye mkutano wa kampeni humuombi akusomee thamani ya nyumba zake. Muulize tu la mwaka jana alilipeleka lini. Mtu aliyelipeleka hujibu kwa sekunde tatu.

Yote haya yakifanyika wiki ya mwisho ya kampeni, umechelewa. Mtu huchujwa kwenye kura za maoni za ndani ya chama, na huko wapiga kura ni wajumbe wachache. Uchache huo ndio ugonjwa: kuwahonga wajumbe ni rahisi kuliko kulihonga jimbo zima. Ule utani wa 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri ulitoka kwa wagombea walioahidiwa kura, pengine wakazilipia, wasizione sandukuni. Mimi wajumbe wale walinichekesha, siwezi kukataa. Lakini bahasha ilipokewa. Tulikuwa na sheria ya takrima iliyoingizwa mwaka 2000, ikahalalisha ukarimu wa mgombea hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hadi uteuzi ndani ya chama. Kanga, nauli na "maji ya kunywa" wakati wa mchujo ni jambo la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na simu yao 113 haina malipo. Kama una kadi ya chama, nguvu yako kubwa iko kwenye tawi, siku ya kuwachagua hao wajumbe. Ni uchaguzi ambao wanachama wengi hawahudhurii, kisha wanalalamika kuletewa jina wasilolitaka.

Wapo watakaosema mbunge mwadilifu peke yake kwenye chama kikubwa hafui dafu, kura za Bunge huamuliwa kwenye kamati ya wabunge wa chama. Kwa bajeti kuu, ni kweli. Kwenye halmashauri si kweli hata kidogo, kwa kuwa diwani mmoja anayedai nyaraka kwenye kamati ya fedha huharibu mipango mingi. Na kizuizi kikubwa kuliko hicho ni karatasi ya kura yenye jina moja. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa, mgombea aliye peke yake hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hapana nayo ni kura, ingawa haikupi mtu mwingine wa kumpima.

Ukikosa muda wa yote, mbebee diwani wako swali moja. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi kwa utaratibu mpya. Muombe majina ya vikundi vya kata yako vilivyokopeshwa kabla ya kusitishwa, kiasi kilichotoka na kilichorejeshwa. Halafu nenda kwenye anwani ya kikundi cha kwanza kwenye orodha, ugonge hodi.